Naenda Hija na hasira zangu, nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nakuru, nalifupisha. Anauza nguo za mitumba, na inshallah anaenda Hija pamoja na mumewe na mama mkwe, wameshalipa. Anasema ana hasira za karibu, mteja akipekua nguo zote alafu aende bila kununua lazima amrushie maneno, na watoto nyumbani wanamjua. Watu wanamwambia asijali, akiiona Kaaba hasira zitaisha zenyewe. Anauliza kama ni kweli, subira atajifunza vipi huko, na je akigombana na mtu, hasa mama mkwe ambaye watalala naye chumba kimoja, Hija yake itaharibika?

Wa alaikum salaam warahmatullah dada yangu. Nianze na hio ya mwisho manake naona ndo inakunyima usingizi. Kugombana hakubatilishi Hija. Ukimjibu mama mkwe vibaya ukiwa kwa ihramu, ile hali ya hujaji yenye masharti yake, hautaambiwa urudi mwaka mwingine ulipe, wala hakuna mbuzi wa kuchinja kwa sababu ya maneno. Ila usishushe pumzi haraka, kwa sababu Mwenyezi Mungu kwenye Suratul Baqara aya ya 197 amesema mwenye kuazimia Hija basi hakuna mambo ya mume na mke, hakuna uasi, na hakuna mabishano ndani ya Hija, yani mabishano yamewekwa mstari mmoja na mambo ambayo sisi wote tunayaogopa. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, akasema atakayehiji akajiepusha na machafu na uasi atarudi kama siku aliyozaliwa na mamake, yani bila dhambi. Sa wewe umelipa pesa zote hizo, umefunga duka, umeacha watoto kwa watu, alafu zawadi kubwa namna hio uipunguze kwa sababu mtu amechukua soketi ya chaja? Hio ndo hesabu ya kufanya, na wewe ni mtu wa biashara, hesabu unaijua.

Kuhusu kuiona Kaaba na hasira kuisha, hapana, sitakudanganya. Mimi huwa nawafundisha kina mama kabla ya safari na kusafiri nao, watu wa Kisumu, Mumias, Kendu Bay na huko kwenu pia, na nimeona mama akilia mbele ya Kaaba mpaka tunamshika asianguke, machozi ya kweli kabisa, na usiku huo huo baada ya Isha kwa mlango wa lifti ya hoteli anamsukuma mwenzake na kumwita mjinga. Yale machozi hayakuwa ya uongo. Moyo ulilainika kweli, lakini ulimi ulikuwa haujazoeshwa kitu, na saa hio miguu imevimba, njaa inauma, watu wamejaa mpaka nje wanangoja lifti hio hio. Kwa hivo anayekuambia utabadilika ukifika tu anakutakia mema lakini anakuacha bila silaha. Hija inakupa nafasi ya kusubiri kila saa, siku nzima, siku baada ya siku, kazi ya kusubiri yenyewe bado ni yako.

Kuna kisa kwa Suratul Kahf nakirudia kila darasa. Nabii Musa, alayhi salaam, alimwomba yule mja mwema Khidr amfuate ili ajifunze, na Khidr akamwambia hutaweza kusubiri ukiwa pamoja nami, na utasubirije jambo usilolijua kwa undani? Musa akaahidi, inshallah utanikuta mwenye subira, na bado akashindwa, jahazi likatobolewa akauliza, kijana akauawa akauliza, ukuta ukasimamishwa bila malipo akauliza. Huyo ni Nabii Musa, si mimi na wewe. Angalia vile Khidr alivyosema: utasubirije usilolijua. Mtu anaishiwa na subira haraka sana pale ambapo hajui nini kinaendelea, hajui itachukua muda gani na hajui kwa nini. Wewe mwenyewe ukichukua belo ukiwa unajua ni gredi ya pili haukasiriki ukikuta madoa, ushayapigia hesabu, lakini uambiwe ni ya kwanza alafu ufungue ukute madoa, hapo kutawaka. Kwa hivo anza subira yako kwa kuijua Hija yenyewe, na hasa ujue ni wapi utangoja.

Nikupitishe haraka. Tarehe 8 Dhulhija, mwezi wa Hija, mnaenda Mina, mahema, magodoro yamebanana mpaka bega linagusa bega, wanawake hema lao na wanaume lao, kwa hivo usitegemee mume awe karibu akutulize. Laini ya choo na ya kutawadha ni ndefu, hasa kabla ya Alfajiri, kwa hivo anayejua anaamka mapema kuliko wengine na anayengoja mpaka adhana ndo atagombana. Tarehe 9 mnaelekea Arafa, kama kilomita 20 hivi kutoka Maka, na Mtume amesema Hija ni Arafa. Hapo ni mahali pa dua tu mpaka jua lizame. Inaniuma sana nikiona mchana huo, mchana ambao mtu ameuota maisha yake yote, unaisha kwa kuuliza mbona chakula cha hema lile kimefika kabla ya chetu. Dada, siku hio beba tende na maji yako, chakula kikija kije, kisipokuja umeshakula.

Jua likizama kila mtu anatoka Arafa kuelekea Muzdalifa, na hapa naomba unisikize vizuri manake hapa ndo nimeona watu wazuri wakivunjika. Fikiria umati wote huo unatoka mahali pamoja saa moja. Basi linaweza kuchelewa, likija linaweza kusimama njiani masaa, ndani kuna joto, kuna mzee anataka choo, dereva ni mgeni wa lugha yenu na nyinyi ni wageni wa yake, na kila mtu tangu asubuhi amesimama juani akiomba. Huko Muzdalifa kwenyewe hakuna hema, hakuna godoro, ni mkeka chini na mbingu juu, mnaswali Maghrib na Isha pamoja, mnaokota vijiwe, mnalala palipo na nafasi. Sa ujue kwamba Mtume mwenyewe alipita barabara hio kwenye Hija yake ya mwisho mwaka wa 10 Hijria, na Jabir bin Abdillah aliyesimulia Hija yote hatua kwa hatua anasema Mtume alivuta hatamu ya ngamia wake Qaswa mpaka kichwa chake kikakaribia kugusa tandiko, na huku anawaashiria watu kwa mkono wake wa kulia, enyi watu, utulivu, utulivu. Na kwa mapokezi mengine akawaambia wema haupo kwenye kukimbiza wanyama. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kupishwa na kila mtu, akakaza kamba ili asiwasonge wenzake. Mimi ndani ya basi hio nikisikia sauti zinaanza kupanda huwa nawakumbusha kina mama hadithi hii hii, na huwa wanatulia, si wote lakini wengi. Wewe ibebe kichwani kutoka Nakuru, usingoje kukumbushwa.

Asubuhi ya tarehe 10 ni kurusha vijiwe saba kwa nguzo ya Aqaba, kuchinja, kupunguza nywele, alafu twafu ya ifadha, yani kuzunguka Kaaba mara saba kwa lazima, na sai, mwendo wa kati ya Safa na Marwa. Siku zinazofuata mnarudi Mina mnarusha kwa nguzo zote tatu. Hapo Jamarat, penye hizo nguzo, siku hizi pana ghorofa na njia za kwenda na za kutoka zimetenganishwa, kwa hivo ukifuata muda ambao kundi lako limepangiwa mambo ni mepesi, wanaopata shida mara nyingi ni wale wanaotaka kuwahi. Haya mengine mtafundishwa kwa darasa, sina haja ya kurefusha.

Sa nije kwa lile jambo ambalo naona ndo kiini cha swali lako ingawa haukuliuliza moja kwa moja. Wewe ni mtu wa soko. Huko sokoni ukinyamaza unakula hasara, mtu akikuona mpole anakupandia, na nadhani ndani ya roho yako unaogopa kwamba subira ni kukubali kukanyagwa. Hapana. Subira ya Hija haikutaki unyamazie kila kitu. Inakutaka uwe umechagua mapema, kabla haujapanda ndege, ni mambo gani utayasemea na mambo gani utayaachia hata kama haki ni yako. Kwa sababu ukingoja uchague ukiwa umechoka, hasira ndo itakuchagulia.

Ya kusemea ni yale yanayogusa uhai, afya na ibada yenyewe. Maji ya kunywa yameisha kwa hema, sema. Mama mkwe anahitaji dawa yake ya presha na begi limebaki kwa basi, sema, na ukisema usipige kelele, mtafute kiongozi wa kundi, mwambie mara moja kwa maneno machache, ungoje. Kundi linataka kuondoka Arafa kabla ya jua kuzama, sema. Joto usilichezee kabisa, wewe umezoea baridi ya Nakuru, hata sisi wa Kisumu tunaojidai tumezoea jua tukifika huko tunanyamaza. Mwaka wa 2024 joto la Maka lilipita digrii 50 na serikali ya Saudia ikatangaza kwamba zaidi ya watu 1,300 walifariki, wengi wao walikuwa wameingia bila kibali cha Hija, wametembea mbali juani bila hema wala mahali pa kupumzikia. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Kwa hivo mtu akizidiwa kwa kundi lenu usiseme nasubiri nisionekane msumbufu, hio haiitwi subira, paza sauti aitwe daktari.

Ya kuachia sasa. Kitanda cha karibu na dirisha, achia. Kiti cha mbele kwa basi, achia. Nani ataoga kwanza, eyasii iwe baridi au iwe wastani, nani amehamisha viatu vyako, nani amekupita kwa laini ya chai, achia zote dada, na ziachie ukiwa bado Nakuru, zitaje kwa jina kabisa kwamba hizi nimeziachia kwa ajili ya Allah, ili zikitokea zikukute ushalipa. Kuna mtu atakuchukulia nafasi yako makusudi na atajua amekuchukulia. Huyo ndo mwenye thawabu zako mkononi, usizitupe.

Hata Jiwe Jeusi lenyewe, lile la kwenye kona ya Kaaba, liko kwa orodha ya kuachia. Najua kila mtu anatamani kulibusu, na kulibusu ni sunna, lakini kuumiza watu ni haramu, na hakuna sunna inayofuatwa kwa kupiga watu viwiko. Imepokewa kwamba Mtume alimwambia Sayyidna Umar, wewe ni mtu mwenye nguvu, usisukumane kwenye Jiwe ukamuudhi mnyonge, ukipata nafasi liguse, usipopata lielekee useme Allahu Akbar. Umar bin Khattab anaambiwa hivo, sembuse sisi. Kwa mwanamke kuingia kwa ule msongamano wa wanaume mimi nashauri hapana, ashiria kwa mkono kutoka mbali, sema takbira, endelea na twafu yako, umelipata.

Kuna jambo la ajenti pia, manake maswali ya hivi huja na hilo nyuma yake. Kuna watu huahidiwa hoteli ya karibu na Haram, yani msikiti wa Kaaba, wakifika wanakuta ni mwendo wa basi, na hapo kundi zima linawaka moto siku ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba mlichokubaliana kiandikwe kabla ya kumaliza malipo, jina la hoteli, watu wangapi kwa chumba, chakula mara ngapi, na nakala ibaki na nyinyi, na pia aonyeshe kibali chake halali cha kupeleka mahujaji. Mkifika mkakuta tofauti, chagueni mtu mmoja mwenye hekima awasemee, piga picha, hifadhi, na mdai haki yenu mkirudi Kenya kwa njia za sheria. Kudai haki ni halali na si lazima kuisamehe. Lakini zile siku tano sita za Hija hazirudi, usizitumie kwa kesi ambayo inaweza kungoja wiki tatu.

Nigusie la wanawake kwa ufupi lakini nalo ni subira kubwa. Hedhi inaweza kuja wakati haujaitarajia, safari na uchovu hubadilisha tarehe. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, ilimjia kwenye Hija hio hio na Mtume, wakiwa wamefika Sarif karibu na Maka, akakutwa analia, na Mtume akamwambia hili ni jambo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, fanya yote anayoyafanya hujaji isipokuwa usitufu Kaaba mpaka utwaharike. Angalia hakukaripiwa kwa kulia. Kulia hakukuondoi kwa wenye subira. Na Bibi Safiyya ilipomjia mwishoni, Mtume alipoambiwa ameshamaliza twafu ya ifadha akasema basi na aondoke, hakulazimishwa kungoja twafu ya kuaga. Ukijua haya mawili hautahangaika na kumfokea kila mtu siku hio ikikukuta. Wengine humeza tembe za kuchelewesha, ukitaka hio njia muone daktari mapema, usipewe tu na jirani kwa godoro.

Na ukifika kwa sai, dada yangu, tembea ukiwa unamfikiria Bi Hajar. Aliachwa bondeni na mtoto mchanga, akamuuliza Ibrahim, je Allah ndiye aliyekuamrisha haya? Akajibiwa ndio. Akasema basi hatatupoteza. Hapo wengi wetu tunakomea, tunasema angalia subira ya Hajar, alikubali. Lakini maji yalipoisha hakukaa chini akasema nasubiri, alipanda Safa akaangalia, akashuka, akapanda Marwa akaangalia, mara saba, na mtoto analia. Hakumlaani mtu, na hakuacha kutafuta. Mpaka leo kati ya zile taa za kijani wanaume, wafalme na mawaziri, wanakimbia kufuata nyayo za mwanamke mmoja aliyekuwa peke yake, na sisi wanawake tunatembea tu kwa upole. Mimi kila nikifika hapo nahisi kifua kinajaa. Nataka uelewe subira kutoka kwake, kwamba mikono inafanya kazi, miguu inatembea, na ulimi hauna shutuma.

Tena subira yako inaweza kuanza hata kabla ya safari, viza ikichelewa, tarehe ya ndege ikibadilishwa, au nafasi za nchi zikiisha ukasongezwa mwaka mwingine. Nafasi zina kiwango, kwa kawaida huhesabiwa mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja wa nchi. Mwaka wa 2020 na 2021 kwa sababu ya korona Saudia iliruhusu tu watu waliokuwa ndani ya nchi yake, na huku kwetu kuna wazee walikuwa wamejiwekea pesa miaka mingi wakabaki nyumbani. Kumbuka yaliyotokea Hudaybiya, karibu na Maka, mwaka wa 6 Hijria, Mtume na masahaba kama 1,400 wamevaa ihramu, wamebeba wanyama wao, wamebakisha mwendo mdogo tu, wakazuiwa na wakakubaliana warudi mwaka unaofuata. Masahaba wenyewe waliumia sana mpaka walipoambiwa wachinje na wanyoe hakuna aliyeinuka, na aliyetoa ushauri wa kuokoa hali ni mwanamke, Bibi Ummu Salama, aliyemwambia Mtume atoke asimsemeshe mtu, achinje wake na anyoe, na walipomuona wakainuka wote. Mwaka uliofuata waliingia Maka. Kwa hivo simu ikipigwa kwamba tarehe imesongezwa, usimrukie mtu wa ofisi.

Nyumbani sasa. Haya ndo mazoezi, na duka lako ndo mahali pake. Mteja wako anayepekua nguo zote na kuondoka, huyo mshukuru, amekuja kukufundisha bure. Chagua saa moja tu ya siku, ile ambayo soko limechemka, na uamue saa hio ulimi wako uko kwa ihramu. Akipekua akaondoka, kunja nguo, sema karibu tena mama. Saa zingine endelea vile ulivyo kwanza, usijilazimishe siku nzima ukashindwa ukakata tamaa. Ukiona saa moja imekuwa rahisi ongeza. Ukiweza funga Jumatatu na Alhamisi, manake Mtume ametufundisha mtu akikutukana ukiwa umefunga sema mimi nimefunga, na hilo ndo zoezi la karibu zaidi na ihramu unaloweza kulipata bila kutoka Nakuru. Ukipanda matatu kuja huku Kisumu mkakwama kwa jam pale Mau Summit, na makanga ameongeza abiria, na mtoto wa nyuma anapiga kiti chako teke, hapo usifungue simu kuandika malalamiko, hapo soma talbia yako, ile Labbayka Allahumma labbayk ya mahujaji, kimoyo uihifadhi. Na utembee kila siku kwa miguu uzoeshe magoti, kwa sababu sai peke yake ni zaidi ya kilomita tatu na wengi wa wanaofoka huko wanafoka kwa sababu miguu inauma, si kwa sababu ni watu wabaya.

Hasira ikishapanda kabisa, Mtume ametuachia vitu vya kufanya na mwili. Sema audhu billahi. Umesimama, kaa. Umekaa na bado inachemka, lala. Nyamaza. Mtu mmoja alimuomba nasaha akamwambia usikasirike, akarudia kuomba, kila mara anajibiwa usikasirike. Na ukishaumiza mtu kwa neno, usingoje kurudi hoteli, muombe msamaha hapo hapo ukiwa bado unatetemeka, alafu istighfari, umuombe Allah msamaha. Hio inauma kuliko kunyamaza, na mara nyingi mwenye kuomba msamaha mara mbili kwa siku moja, ya tatu anaona afadhali anyamaze.

Nimalizie na mama mkwe, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwako kwa sababu nakupenda. Sijui yaliyopita kati yenu na sihitaji kujua. Ninachojua ni kwamba kwa mila yetu hujaji hatoki nyumbani kabla ya kulipa madeni na kuombana radhi na watu, na wa kwanza kumwendea ni huyo mtakayelala naye chumba kimoja. Nenda kwake kabla ya madarasa kuanza, bila mume, umwambie mama nisamehe yale ya nyuma na unisaidie kwa safari hii. Ukiona aibu, nenda na aibu yako.

Alafu kaa naye mpange. Muulize dawa zake ni zipi na za saa ngapi, uziandike, na nyinyi wote mwende mapema kwa chanjo, ya homa ya uti wa mgongo na ya homa ya manjano, na kadi msizipoteze. Muulize usiku huamka mara ngapi, ili kitanda cha karibu na choo kiwe chake bila mjadala. Mpange kiti cha magurudumu mapema kwa twafu na sai hata kama anasema ana nguvu, manake akichoka katikati nyinyi wawili mtachokana. Mweleze kwamba asipoweza kabisa kufika Jamarat inaruhusiwa mtu amrushie vijiwe kwa niaba yake, na kwamba Bibi Sawda, mke wa Mtume, alikuwa mzito wa mwili akaomba ruhusa kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya umati kujaa, na Mtume akamruhusu, kwa hivo wazee na wanaowahudumia wana nafuu yao na si aibu kuitumia. Wewe ukiwa ndo unayemhudumia nafuu hio inakugusa na wewe.

Na mwisho muulize mama mwenyewe, ni kitu gani kwangu kinakuudhi sana? Atakuambia, na utatamani kujibu. Usijibu, kiandike kwa ile orodha yako ya kuachia, na hio siku uhesabu kwamba Hija yako imeanza. Mkipita Kisumu kwa madarasa ya wanawake njooni wote wawili, nitawakalisha mkeka mmoja.